Spika za marehemu baba: sponji imeoza, spika haijafa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Njombe. Marehemu baba alituachia spika mbili kubwa za boksi la mbao, za Kijapani, alizonunua mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kila boksi lina wufa (spika ya besi) ya inchi 10, spika ya kati na twita (ya sauti za juu). Tangu afariki hazijawashwa, zilikaa stoo zimefunikwa shuka. Juzi nimefungua kitambaa cha mbele nikakuta ile sponji inayozunguka wufa inanata vidoleni, nikiigusa inakatika. Nimejaribu kuwasha: moja inakoroma, nyingine inalia lakini besi hakuna. Fundi wa kwanza anasema zimekufa, ninunue wufa mpya za inchi 10 aziweke humo humo. Wa pili anasema atakata tyubu ya gari azungushie. Nimsikilize nani? Na zimeozaje wakati hazikutumika?

Jibu: Marahaba mwalimu, na poleni kwa kumpoteza mzee. Nianze na linalokuumiza zaidi: kwa maelezo yako, spika hazijafa. Kilichokufa ni ukingo, ile sponji inayoishika koni (ile karatasi pana inayotikisika) kwenye fremu, na ukingo hubandikwa upya. Kitakachoamua kama kazi hii ina maana au haina ni koili. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, zizime na usiziwashe tena mpaka zipimwe. Hasa hiyo inayokoroma.

Nyuma ya koni, katikati, kuna koili: waya mwembamba uliozungushiwa bomba jepesi, unaocheza ndani ya mfereji wa sumaku. Nafasi kati ya waya na chuma haifiki nusu milimita kila upande. Koili inabaki katikati kwa sababu imeshikwa sehemu mbili. Nyuma kuna kitambaa cha mikunjo, mafundi tunakiita spaida, na mbele kuna ukingo. Ukingo ukikatika, koni inabaki imeshikwa upande mmoja tu, inayumba, na waya unasugua chuma. Huo ndio mkoromo unaousikia. Ukiendelea kuipiga, vanishi ya waya inakwanguka, mizunguko inagusana, na hapo ndipo spika inakufa kweli. Wufa nyingi za umri huo zinazofika mezani kwangu zikiwa zimeungua hazikuuawa na uzee wala sauti kubwa. Zilipigwa muda mrefu huku ukingo umeshaachia, kwa kuwa mwenyewe aliona bado "zinalia".

Hiyo nyingine isiyokuwa na besi nayo ina sababu yake. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake hewa inavutwa. Ukingo ukiwa na matundu, hewa ya mbele inakimbilia nyuma kupitia humo humo na nguvu zinajifuta zenyewe. Sauti za juu hazijali sana, ila besi inapotea. Usiongeze sauti kuitafuta.

Sasa swali lako la mwisho, kwa nini zimeoza zikiwa zimepumzika. Sponji ya miaka ile ni ya poliyurethani, na nyingi zilikuwa za aina ya poliesta. Adui mkubwa wa aina hiyo ni unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani yanaingia kwenye vitundu vya sponji na kuivunja polepole kutoka ndani, kuvunjika huko kunazaa tindikali, na tindikali inaharakisha kuvunjika zaidi. Haijali kama unapiga muziki au hupigi. Hata spika ambayo haijawahi kutolewa kwenye katoni inaoza hivyo hivyo. Kwa kawaida sponji ya namna hiyo hudumu miaka 10 hadi 20, na za mzee zimepita 40. Halafu Njombe mna baridi na ukungu, na shuka halizuii unyevu. Zinazonifikia kutoka Tukuyu, kwenye mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi hii, mara nyingi sponji imegeuka lami. Za Iringa mjini, kwenye hewa kavu kidogo, huja zimekauka na kumwagika unga. Ugonjwa ni mmoja.

Utashangaa kukuta spika za zamani zaidi ya hizo, za miaka ya hamsini na sitini, zina ukingo mzima mpaka leo. Zile zilitumia karatasi ya koni yenyewe iliyokunjwa mikunjo pembeni, au kitambaa kilichopakwa dawa. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, ambayo boksi lake limezibwa kabisa na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayofanya kazi ya springi. Koni ya namna hiyo inatakiwa ishikwe kwa ulaini mno ili iweze kwenda mbele na kurudi nyuma umbali mkubwa. Wazo hilo likasambaa duniani, boksi dogo likaanza kutoa besi nzito, na viwanda vikatafuta ukingo ulio laini, mwepesi na wa bei nafuu. Sponji ikatimiza yote matatu. Ilichokosa ni maisha marefu.

Hapo ndipo penye jibu la tyubu. Koni ya wufa ya inchi 10 pamoja na koili yake, mara nyingi, ni gramu 30 hadi 50 tu. Ukiizungushia mpira wa tyubu ya gari na gundi yake umeongeza uzito ambao sumaku ile haikutengenezewa kuubeba. Uzito wa kinachocheza ukifika mara mbili, sauti inashuka desibeli 6, yaani amplifaya inatakiwa itoe nguvu mara nne ili kurudi pale ulipokuwa. Na mpira wa tyubu ni mgumu, hauna lile tuta la nusu duara linalokunjuka. Koni inasogea kidogo inagota. Besi utakayoipata ni ya kugonga, haina kina. Simlaumu fundi wako wa pili. Kwenye spika za matangazo na za bendi, ambazo koni haisogei sana, viraka vya kitambaa na mpira vimeokoa vyombo vingi huku kwetu wakati vipuri havipatikani. Ila kwenye wufa ya nyumbani ya aina hii, tyubu inaharibu kile kile ulichotaka kukiokoa.

Fundi wa kwanza naye anakuuzia shida nyingine. Inchi 10 ni kipimo cha fremu, hakisemi lolote juu ya tabia ya spika. Mwaustralia Neville Thiele aliandika mwaka 1961, na Richard Small akaendeleza miaka ya 1970, namna ya kukokotoa ukubwa wa boksi kutokana na wufa yenyewe: uzito wa koni, ulaini wa kushikwa kwake, nguvu ya sumaku. Boksi la mzee lilipimwa kwa ajili ya wufa ile, na krosova iliyomo ndani (saketi inayogawa sauti za chini, za kati na za juu) ilipangwa kukabidhi sauti kwa spika ya kati mahali fulani maalumu. Ukiweka wufa nyingine yoyote inayoenea kwenye tundu, itatoa sauti, ndiyo, lakini utakuwa na spika mpya ndani ya boksi la baba. Ningekubali njia hiyo kama koili zingekuwa zimeungua na hakuna wa kuzifunga upya. Bado hatujafika huko.

Basi tupime. Lilaze boksi chali, uso juu, kisha fungua skrubu za wufa. Kuwa makini na bisibisi: sumaku ya wufa ina nguvu, inaivuta ncha ghafla na kuitumbukiza kwenye karatasi ya koni. Mkono mmoja ushike bisibisi, mwingine uwe umekinga koni kwa kipande cha kadibodi. Weka alama waya upi ulikuwa kwenye chanya. Ndani utakuta pamba ya kioo au ya plastiki. Iache kama ilivyo, ni sehemu ya hesabu ya boksi. Kuna mafundi wanaitoa na kuitupa wakidhani ni takataka za kupakia mzigo. Kama ni ya kioo, funika pua na usiishike kwa mikono mitupu.

Weka mita kwenye omu na upime kwenye vituo viwili vya wufa, ukiwa umechomoa waya. Nyuma ya sumaku au ya boksi pameandikwa omu 4, 6 au 8. Mita itasoma chini kidogo ya hapo, na ndivyo inavyotakiwa: ya omu 8 husoma 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma 1 au chini ya hapo, mizunguko imeshikana. Linganisha wufa zote mbili. Zikikaribiana, furahi.

Kisha usikilize kwa mkono. Ilaze wufa uso juu, weka vidole vya mikono miwili pande zinazotazamana karibu na ile kofia ya katikati, uisukume koni chini kwa usawa, polepole, sikio karibu. Kwa kuwa ukingo haupo, wewe ndiye unayeishika katikati, kwa hiyo isogeze kidogo huku na huku mpaka upate mahali inaposhuka kimya. Ukipapata, koili ni nzima na tatizo lilikuwa ukingo tu. Ikiwa inakwaruza popote unapoisogeza, kuna mambo mawili: waya umevimba kwa joto, au sumaku imehama kwa kuangushwa. Hapo niandikie tena, maana hiyo ni kazi nyingine.

Zikifaulu, agiza ukingo, na usiagize kwa kusema "inchi 10". Chukua rula ya milimita upime kipenyo cha nje pale ukingo ulipokaa kwenye fremu, kipenyo cha ndani cha sehemu hiyo hiyo, na kipenyo cha koni yenyewe kutoka ukingo wa karatasi hadi ukingo wa karatasi. Angalia pia alama ya gundi ya zamani: sponji ilibandikwa mbele ya koni au nyuma yake? Na ile midomo ya ndani ililala sawa au iliinama kufuata mteremko wa koni? Piga picha vyote umtumie muuzaji. Huku Nyanda za Juu si rahisi kukuta ukingo umetundikwa dukani. Uliza wauza vifaa vya muziki Kariakoo wakutumie kwa basi, au agiza nje kwa posta. Nunua wa sponji, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa wa sponji. Ukingo wa mpira unadumu zaidi, lakini ni mzito na mgumu zaidi, na unabadilisha mlio wa wufa iliyozaliwa na sponji. Wapo wanaoupendelea kwa ajili ya unyevu wetu. Mimi nachagua mlio sahihi wa miaka 15 kuliko mlio usio wake wa miaka 30.

Kusafisha ndiko kunakochukua muda, na ndiko kunakoamua kama gundi itashika. Kwenye fremu kwangua kwa wembe au patasi nyembamba mpaka chuma kionekane. Kama juu yake kuna ukanda wa kadibodi, ubandue taratibu uutunze, utarudi. Kwenye koni usikimbilie wembe. Lowesha pamba kidogo kwa spiriti, pitisha kwenye mabaki, subiri kidogo, kisha sugua kwa kidole gumba kwa mwendo wa mduara. Sponji na gundi ya zamani vinajiviringa na kutoka kama vifuto vya penseli. Fanya eneo la vidole viwili, ukauke, uende jingine, na mkono wa pili uwe nyuma ya karatasi kuikinga. Usitumie thina wala petroli: vinayeyusha rangi ya koni, na vikitiririka hadi katikati vinaachisha gundi ya koili. Ifanye kazi hii mbali na mtu anayekata chuma. Sumaku inavuta vumbi la chuma kutoka mbali, na punje moja ikiingia kwenye mfereji itakwaruza milele.

Kuhusu gundi, kwa koni ya karatasi natumia gundi nyeupe ya maseremala, iliyo nzuri. Inakauka taratibu, inabaki na unyumbufu kidogo, na inakupa nafasi ya kurekebisha. Gundi ya viatu inashika papo hapo ukiwa bado hujaweka katikati, na baadhi zina kemikali inayokula sponji. Supaglu inakuwa ngumu na kupasuka. Lakini gundi nyeupe haipendi baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi haishikani vizuri, inageuka chaki, na Njombe usiku wa Juni na Julai mnafika huko na kupita. Anza kazi saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, ndani ya chumba chenye joto. Usiiweke juu ya jiko la mkaa kuiharakisha, ukingo utajikunja.

Bandika kwanza kwenye koni peke yake. Paka safu nyembamba kwa brashi ndogo, laza ukingo, zungusha kidole ukikandamiza mpaka usione pengo, uache hadi kesho yake. Kabla ya kubandika kwenye fremu ndipo linakuja suala la kuweka katikati, na hili ndilo linalomtofautisha fundi wa spika na mtu mwenye gundi.

Njia ya zamani, ambayo bado naiamini, ni kukata kofia ya katikati kwa wembe mpya, taratibu, na kuingiza vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka nguzo ya sumaku, kati ya nguzo na bomba la koili. Filamu ya zamani ya eksirei inafaa sana. Kata vipande vinne vya upana wa kidole, viingie kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Koili sasa haina pa kwenda. Paka gundi kwenye fremu, laza ukingo, ubane kwa vibanio vya nguo pande zote, uache siku nzima. Ukivitoa vile vipande, sukuma koni kama ulivyofanya mwanzo. Inatakiwa ishuke na kupanda kimya. Ziba tundu kwa tepu wakati wote huo, kisha rudisha kofia kwa gundi kidogo.

Kama hutaki kugusa kofia, ipo njia ya sauti. Unganisha wufa kwenye amplifaya, sauti chini kabisa, na simu itoe mlio wa hezi 30 kwa programu ya kupimia. Koni itatikisika mbele na nyuma unaiona kwa macho. Gundi ikiwa bado mbichi kwenye fremu, sogeza ukingo nywele kwa nywele mpaka mkwaruzo upotee kabisa, ubane, uzime. Baada ya nusu saa washa tena usikilize, maana gundi ikianza kukauka inaweza kuvuta upande mmoja. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, na mwalimu nakuona una subira hiyo, njia hii ni rahisi zaidi na haiachi kovu.

Fanya wufa zote mbili hata kama moja inaonekana afadhali. Zina umri mmoja, na ukingo mpya upande mmoja na wa zamani upande mwingine utakupa besi isiyolingana. Wakati wa kuzirudisha, zigeuze: upande uliokuwa juu sasa uwe chini. Miaka 40 ya kusimama imeifanya spaida ilegee kuelekea chini, na kugeuza kunairudisha. Hakikisha waya wa chanya unarudi kwenye chanya kwa zote mbili. Betri moja ya tochi ya volti 1.5 ikigusishwa kidogo, chanya kwa chanya, koni zote zisogee upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, besi itapotea tena na utadhani kazi imeharibika. Boksi kama ni la kuzibwa kabisa, lisilo na tundu la hewa mbele wala nyuma, hakikisha ule ukanda wa kuzibia chini ya fremu ya wufa haujakatika.

Spika ya kati itazame nayo, huenda ina ukingo wa sponji vilevile. Twita kwa kawaida haina. Ikiwa baada ya yote hayo sauti za juu ni hafifu, huenda kapasita za krosova zimezeeka, na hizo fundi wako yeyote mzuri wa redio anazibadilisha kwa thamani zile zile zilizoandikwa juu yake, mradi ziwe za aina isiyo na chanya wala hasi.

Na mzigo unapokuwa njiani, wufa usizirudishe kwenye boksi zikiwa hazina ukingo, maana koni itaning'inia upande mmoja na kuivuta spaida. Zilaze uso juu mezani, kila moja na kitambaa safi juu yake, mbali na dirisha na mbali na watoto. Vidole vya watoto vinaipenda sana ile kofia ya katikati. Nitumie namba mita itakazosoma kabla hujaagiza.